Kwotabeki kijana anasuasua: chunguza haya kabla hujamwita galasa

Malalamiko ni yaleyale kila msimu wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, hubadilika jina la mlalamikiwa tu, naye ni kwotabeki, yule anayepewa mpira na kuurushia wenzake. "Anakaa na mpira mno." "Hana jicho." "Mkono anao, kichwa hana." Mwaka 2023 yalimwangukia Bryce Young kule Carolina. Mwaka 2024 yakahamia kwa Caleb Williams wa Chicago na Anthony Richardson wa Indianapolis, na 2025 ikawa zamu ya J.J. McCarthy wa Minnesota. Waswahili wanaoishi Minneapolis, Columbus na Houston wamo kwenye ubishi huo sawa na wenyeji, na wapo walioko Dar na Nairobi wanaoamka saa tisa usiku kutazama mechi ya Jumatatu, kisha asubuhi wanasinzia kazini.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotangulia ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, na ya mwisho ndiyo adimu. Fundi mzuri hafungui injini kabla hajatazama kama tangi lina mafuta. Shabiki naye asianze na "huyu hana kipaji" wakati hajawatazama hata mara moja wale watano wanaomlinda kijana.

Msimamo wangu niuseme mapema: mkono huwa wa mwisho kuharibika. Hakuna anayechaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, ule uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wanaotoka vyuoni, huku hajui kurusha mpira. Anaporusha vibaya, anza kutafuta miguuni, nenda ukutani, yaani kwa wale watano wanaomlinda, kisha kwa kocha. Ukimaliza huko kote na hujapata kitu, hapo sasa tutazungumza habari za kipaji.

Kabla ya dalili yoyote: rudia mechi bila kutazama mpira

Kamera ya televisheni hufuata mpira, kwa hiyo mabeki wa nyuma na baadhi ya wapokeaji huwa nje ya picha wakati uamuzi unafanyika. Unapopiga kelele kwamba kuna mwenzake alikuwa peke yake na hakumwona, mara nyingi na wewe hukumwona mpaka marudio yalipoonyeshwa kutoka juu. Tafuta picha ya juu inayowaonyesha wachezaji wote 22. Irudie mara mbili: kwanza tazama ukuta peke yake, halafu miguu ya kwotabeki. Mpira uache uende zake.

Takwimu nazo zina mitego. Pasi iliyomponyoka mpokeaji mikononi huandikwa kuwa imempotea kwotabeki. Mpira aliourusha nje makusudi ili asiangushwe, hivyohivyo. Ule anaoupiga chini kusimamisha saa, hivyohivyo. Na yadi zinazopotea anapoangushwa hazikatwi kwenye hesabu yake binafsi bali kwenye ya timu. Ndiyo maana tarehe 26 Septemba 2021 Justin Fields aliandikiwa yadi 68 za pasi dhidi ya Cleveland, huku timu yake ya Chicago ikimaliza siku na yadi 1 tu ya pasi. Aliangushwa mara tisa. Ilikuwa mechi yake ya kwanza kupangwa kuanza katika ligi hii.

Dalili ya 1: Anaangushwa kila mara kabla hajarusha

Sababu ya kwanza ni ukuta. Mbele ya kwotabeki kuna watu watano: senta anayetoa mpira, magadi wawili kulia na kushoto kwake, na wawili wa pembeni. Kipimo ni rahisi. Mpira ukitoka kwa senta, hesabu taratibu. Akiguswa kabla hujafika sekunde mbili na nusu, kosa si lake. Akiguswa baada ya sekunde tatu na nusu, kosa linaanza kumrudia yeye. Katikati ya hapo ndipo watu hugombana, na wana haki.

Tazama pia anaguswa kutokea wapi. Anayekuja kutoka pembeni unaweza kumkwepa kwa kupiga hatua moja mbele. Anayekuja katikati, palipo senta na magadi, hakwepeki, hasa kwa kwotabeki mfupi kama Young ambaye ana futi 5 na inchi 10. Carolina walilielewa hilo wakiwa wamechelewa. Msimu wa 2023 kijana aliangushwa mara 62 na timu ikashinda mechi 2 kati ya 17. Machi 2024 wakafungua pochi na kuwasajili magadi wawili kwa mpigo, Robert Hunt na Damien Lewis. Nani mwingine aliyekuwa na ukuta mbovu? Muulize David Carr. Klabu mpya ya Houston ilipoanza kucheza mwaka 2002 ilimchagua yeye namba moja, ikampa ukuta wa kuokoteza, akaangushwa mara 76 kwa msimu mmoja. Rekodi hiyo bado ni yake.

Sababu ya pili ni yeye mwenyewe kung'ang'ania mpira. Chuoni alizoea kuzungukazunguka mpaka mtu afunguke. Katika ligi hii anayemkimbiza ana kilo 120 na mbio za mwanariadha. Dawa si kumwambia "rusha haraka". Dawa ni kumpa mipango ambayo pasi ya kwanza iko karibu na jibu liko wazi, halafu kumwongezea mzigo polepole. Caleb Williams aliangushwa mara 68 mwaka 2024. Mwaka uliofuata Chicago ilileta kocha mkuu mpya, Ben Johnson, ikabadili senta na magadi wote wawili, na idadi ikashuka chini ya nusu. Je, ni ukuta au ni kocha? Ni vyote viwili, na kila anayekwambia ni kimoja tu ana timu anayoitetea.

Sababu ya tatu: hajausoma uvamizi. Walinzi wakituma watu sita dhidi ya ukuta wa watano, mmoja lazima abaki huru. Huyo ni wa kwotabeki kumshughulikia, kwa kurusha haraka pale alipotoka mvamizi. Ukiona anaangushwa na mtu ambaye hakuna hata aliyejaribu kumzuia, huenda yeye ndiye hakutoa maelekezo kabla ya mpira kuanza. Kosa hili hupungua kadiri mechi zinavyoongezeka.

Sababu adimu kuliko zote ni wapokeaji wasioweza kujitenga na mabeki. Hii ndiyo ambayo mashabiki wa timu husika huitaja ya kwanza.

Tahadhari: usimhukumu mtu kwa idadi ya kuangushwa pekee. Joe Burrow aliangushwa mara 51 msimu wa 2021, kisha mara tisa katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee, akashinda mechi hiyo na kufika Super Bowl, fainali ya ligi.

Dalili ya 2: Pasi zinapita juu ya vichwa, au zinatua miguuni mwa mpokeaji

Hapa ndipo kelele ni nyingi na uchunguzi ni mdogo, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na miguu. Pasi ina ratiba: kwotabeki anarudi nyuma hatua tatu, tano au saba, na mpokeaji anakata kona wakati hatua ya mwisho inapotua. Miguu ikichelewa, mpira unachelewa, naye anajaribu kuufidia kwa nguvu za bega. Simamisha picha pale mkono unapoanza kwenda mbele, kisha uliza maswali matatu. Mguu wa mbele unaelekea anakorusha, au umeelekea kwingine? Upana wa miguu ni wa kawaida, au ametanua kama anayeruka mtaro? Uzito unahamia mbele, au anaegemea mguu wa nyuma kwa kuogopa kugongwa? Hatua ndefu mno na kuegemea nyuma vyote hupeleka mpira juu. Asilimia kubwa ya pasi unazosema "hana shabaha" zitakuwa zimejibiwa hapo.

Sababu ya pili imefungamana na ya kwanza: woga uliojengwa na ukuta mbovu. Kijana aliyegongwa sana huanza kuinua miguu hata pasipo na mtu karibu. Kipimo chake ni kumlinganisha na nafsi yake. Tazama pasi zake za robo ya kwanza, akiwa bado msafi, halafu za robo ya nne baada ya kuangushwa mara tano. Kama ni watu wawili tofauti, mkono ni mzima. Aliyeharibika ni aliye juu ya miguu ile, na anatengenezeka.

Ya tatu ni kutojua mapema anakorusha. Macho yakichelewa, nyonga hazijageuka, bega linalazimishwa. Hili hulijui kwa kumtazama yeye tu. Lazima ujue mpango ulikuwa upi, na hapo shabiki anakisia. Kisia, lakini sema kwamba unakisia.

Ya nne ni jeraha lililofichwa: kidole, bega, mbavu, kifundo cha mguu. Klabu hutoa ripoti ya majeruhi kila wiki. Isome kabla ya kutukana.

Ya tano, na hii ipo kweli, ni mwendo mzima wa mkono na mwili ulioundwa vibaya tangu ujana. Unatengenezeka, ila si katikati ya msimu. Kazi hiyo hufanywa miezi ya mapumziko, kwa kurudia jambo moja mpaka mwili usahau lile la zamani. Josh Allen wa Buffalo ndiye mfano ambao kila shabiki mwenye kwotabeki mbovu huuchomoa mfukoni. Msimu wa 2018 alikamilisha asilimia 52.8 ya pasi zake, akafunga 10, yaani pasi za tachdauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja), na kunaswa 12, yaani pasi zilizodakwa na adui. Mwaka 2019 akapanda hadi 58.8. Mwaka 2020 akafika 69.2 na pasi za tachdauni 37. Kila mapumziko alikuwa akifanya kazi na mwalimu wa urushaji, Jordan Palmer.

Lakini soma mfano huo mpaka mwisho. Buffalo haikumwachia Allen kazi peke yake. Kocha wake wa ushambuliaji, Brian Daboll, alikuwa yuleyule tangu 2018 hadi 2021. Ukuta ulijengwa upya mwaka 2019, na Machi 2020 wakamleta Stefon Diggs kutoka Minnesota, mpokeaji ambaye mabeki hawakumweza. Anayetaka "Allen mwingine" bila Daboll wa miaka minne na bila Diggs anataka muujiza. Na wengi hawakupanda: Richardson wa Indianapolis, ambaye chuoni Florida alianza mechi 13 tu, alikamilisha asilimia 47.7 mwaka 2024, msimu wake wa pili. Kwa kijana mwenye mechi chache hivyo, mimi ningelaumu kwanza waliompeleka uwanjani mapema.

Dalili ya 3: Anampa adui mpira

Kwanza tazama ubao wa matokeo. Timu iliyo nyuma kwa pointi 17 inarusha kila mara, na walinzi wanajua. Pasi zinazonaswa katika hali hiyo zina uzito mdogo kuliko inayonaswa robo ya kwanza timu zikiwa sare.

Kisha zigawe: zilizogonga mikono ya mpokeaji wake zikaruka, zilizoguswa mbele na mlinzi aliyeinua mkono, na zilizorushwa moja kwa moja kifuani mwa adui. Za aina mbili za mwanzo ni bahati mbaya kwa sehemu kubwa. Za aina ya tatu ndizo za kuchunguza, na chanzo chake cha kawaida ni mabeki wa nyuma wanaojificha. Kabla ya mpira kuanza husimama wawili nyuma kabisa, ukitolewa mmoja anashuka katikati ya njia. Kwotabeki mgeni anarusha kwenye picha aliyoiona sekunde moja iliyopita. Chuoni alidanganywa hivyo mara chache. Huku ni kila Jumapili.

Kosa hili hutibiwa na muda, na muda huo ni mrefu kuliko subira ya mtandaoni. Peyton Manning alinaswa pasi 28 katika msimu wake wa kwanza, 1998, na Indianapolis ikashinda mechi 3, ikapoteza 13. Msimu uliofuata hesabu ikageuka: ikashinda 13, ikapoteza 3. Trevor Lawrence wa Jacksonville alifunga 12 na kunaswa 17 mwaka 2021, chini ya Urban Meyer aliyefukuzwa Desemba kabla hata msimu haujaisha. Mwaka 2022, chini ya Doug Pederson, alifunga 25 na kunaswa 8. Kijana yuleyule, mkono uleule.

Kuna hali mbaya zaidi, ambayo huwa naiogopa kuliko zote: kuona wasiokuwepo. Tarehe 21 Oktoba 2019 New York Jets walipigwa 33 kwa 0 na New England, na Sam Darnold akanaswa mara nne. Kipaza sauti kilichokuwa mwilini mwake kikamnasa akisema benchi kwamba anaona mizimu. Nchi nzima ilicheka. Kocha wake wakati huo alikuwa Adam Gase, na huyo naye hakudumu. Darnold akapita Carolina, akakaa benchi San Francisco, halafu mwaka 2024 akaiongoza Minnesota kushinda mechi 14 na kupoteza 3, kwa pasi 35 za tachdauni. Yaani ilichukua miaka mitano na timu nne. Jets hawakula tunda hilo, na hili ndilo jambo gumu kumwambia shabiki: huenda kijana akapona, ila akiwa kwa mwingine.

Dalili ya 4: Aliwaka mwaka wa kwanza, wa pili kazimika

Sababu ya kawaida kabisa: amebadilishiwa kocha wa ushambuliaji. Mac Jones aliingia New England 2021 akiwa na Josh McDaniels, timu ikashinda mechi 10 na kufika mtoano. McDaniels akaondoka. Mwaka 2022 kazi ya kuita mipango akapewa Matt Patricia, ambaye jina lake lote alilijenga upande wa ulinzi. Jones akaporomoka na hakupanda tena pale. Usimsahau Alex Smith, aliyechaguliwa namba moja na San Francisco mwaka 2005 na kumaliza msimu wa kwanza na tachdauni 1 na pasi 11 zilizonaswa. Kati ya 2005 na 2011 klabu ilipitisha makocha saba wa ushambuliaji. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na kijana akaanza darasa la kwanza upya. Alipofika Jim Harbaugh mwaka 2011, Smith akafunga 17, akanaswa 5, na timu ikashinda 13.

Sababu ya pili: walinzi wa ligi nzima wamekaa na video zake miezi sita. Sasa wanajua anapenda kutazama wapi. Hii ni ya kawaida, na dawa yake ni kocha kuongeza mipango mipya, si kurudia ile iliyofaulu mwaka jana.

Ya tatu, ukuta umesambaratika. C.J. Stroud wa Houston alifunga 23 na kunaswa 5 tu mwaka 2023. Mwaka 2024 akaangushwa mara 52, akafunga 20 na kunaswa 12, na kocha wake wa ushambuliaji Bobby Slowik akafukuzwa. Mashabiki wa Houston walibishana msimu mzima, ukuta au Slowik. Mimi naona ukuta ulianza, kocha akashindwa kuuficha.

Dalili ya 5: Anakimbia na mpira hata pasipo na hatari

Chunguza kama alitazama mpokeaji wa pili. Akikimbia baada ya kumtazama wa kwanza pekee, bado hajaamini mpango. Kama kocha ndiye anayeita mbio hizo, basi si dalili ya ugonjwa. Fields alikimbia yadi 1,143 mwaka 2022 na sehemu kubwa ya ushambuliaji wa Chicago ilikuwa hiyo. Tatizo ni magoti na mbavu, ambavyo havina akiba. Tusonge.

Dalili ya 6: Mpango unaitwa kwa kuchelewa, saa inakwisha, anaomba mapumziko ovyo

Kocha huzungumza naye kwa redio ndani ya kofia, na redio hiyo hukatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa inayohesabu muda wa kuanzisha mpira. Mpango ukimfikia zikiwa zimebaki sekunde 20, ana sekunde tano za msaada, halafu yuko peke yake. Kwa hiyo sababu ya kwanza ni kocha mzito wa kuamua. Ya pili ni maneno marefu ya mpango ambayo kijana hajayazoea, atayazoea. Ya tatu ni kelele za ugenini. Kukosa akili haimo kwenye orodha hii, ingawa ndiyo inayotajwa kwanza mtandaoni.

Dalili ya 7: Amewekwa benchi. Ndiyo basi?

Inategemea amewekwa kwa nini. Kuna benchi la shule. Patrick Mahomes alikaa nyuma ya Alex Smith karibu msimu wote wa 2017, akatoka na tachdauni 50 mwaka 2018. Jordan Love alikaa miaka mitatu nyuma ya Aaron Rodgers, ambaye naye alikaa miaka mitatu nyuma ya Brett Favre. Green Bay wana mila yao na wana subira ya kuilipia.

Kuna benchi la dharura, nalo ndilo lililomkuta Young. Septemba 2024, baada ya mechi mbili tu, bila tachdauni na pasi tatu zikiwa zimenaswa, kocha mpya Dave Canales alimweka nje na kumpa nafasi Andy Dalton, mkongwe. Niliisoma kama kifo cha heshima, na wengi tuliisoma hivyo. Oktoba, Dalton akaumia kidole gumba kwenye ajali ya gari na kijana akarudishwa. Aliporudi alicheza kama aliyevuliwa mzigo: msimu ukaisha akiwa na tachdauni 15 za pasi na 9 zilizonaswa, na mechi ya mwisho akaifunga Atlanta kwa 44 kwa 38 muda wa nyongeza. Kilichobadilika ni nini? Magadi wapya walikuwa wamezoeana, Canales alikuwa amepunguza mzigo wa mipango, na Young alipata wiki tano za kuutazama mchezo uleule akiwa amesimama.

Na kuna benchi la kuvunjika kwa imani. Novemba 2022 Jets walipoteza 10 kwa 3 huko New England. Nusu ya pili ushambuliaji wao wote ulipata yadi 2. Zach Wilson akaulizwa kama wao washambuliaji wamewaangusha walinzi. Akajibu hapana. Wiki iliyofuata hakupangwa. Kosa la mguu hutengenezwa mazoezini. Wachezaji wakishaacha kumwamini mtu, sijaona kocha aliyelitengeneza hilo katikati ya msimu.

Tofauti ya mabenchi haya utaiona kwenye mazoezi kuliko kwenye mechi. Wa akiba hupata mazoezi machache sana na kikosi cha kwanza. Klabu inayotaka kijana apone humtengea muda wa ziada na kocha wake. Inayotafuta mnunuzi haijisumbui. Trey Lance, ambaye San Francisco ilimpata kwa kutoa nafasi tatu za raundi ya kwanza, alivunjika kifundo cha mguu Septemba 2022. Brock Purdy, aliyechaguliwa wa 262 na wa mwisho kabisa mwaka huohuo, akachukua nafasi. Agosti 2023 Lance akauzwa Dallas kwa nafasi ya raundi ya nne, akiwa ameanza mechi nne tu. Huyo hatuwezi hata kusema alishindwa; hakupimwa.

Basi ni lini mtu aseme kweli ni galasa?

Mimi natumia masharti matatu, na lazima yote yatimie. Awe amekaa misimu miwili na kocha mmoja wa ushambuliaji. Awe amelindwa na ukuta wa kadiri, si lazima mzuri. Na makosa yawe yaleyale ya mwaka wa kwanza, si mapya. Makosa mapya ni ishara kwamba anajaribu vitu ambavyo hakuvijua zamani. Yaleyale yakirudi misimu miwili mfululizo, mbele ya kocha yuleyule, hapo hata mimi nanyamaza.

Klabu nayo ina kalenda yake. Mkataba wa mchezaji wa raundi ya kwanza ni wa miaka minne, na klabu ina haki ya kuongeza wa tano. Uamuzi huo lazima ufanywe mwanzoni mwa Mei baada ya msimu wake wa tatu. Kabla ya hapo, kelele za kumwacha kijana ni za mashabiki. Mei ile ikipita bila kuongezwa, klabu imeshajibu, hata kama kocha bado anamsifia kwenye mikutano ya waandishi.

Acha uchunguzi hapa, mwachie mtaalamu

Kichwa. Akigongwa akasimama akiyumba, mjadala wa kama ni mwoga au jasiri unakoma hapohapo. Tarehe 25 Septemba 2022 Tua Tagovailoa wa Miami aliyumba mbele ya dunia nzima katika mechi na Buffalo, timu ikasema ni mgongo, akarudi uwanjani. Siku nne baadaye, Cincinnati, alitolewa kwa machela. Oktoba hiyo ligi na chama cha wachezaji walibadili utaratibu: anayeonekana amepoteza uwiano wa mwili harudi tena siku hiyo, sababu iwe yoyote. Kurudi kuna hatua tano, na mwisho wake husainiwa na daktari wa mishipa ya fahamu asiye wa klabu. "Mbona hajarudi, wiki ya pili hii?" si swali la shabiki.

Maumivu yasiyoisha, na moyo uliochoka. Andrew Luck wa Indianapolis aliacha mpira Agosti 2019 akiwa na miaka 29, baada ya miaka ya bega, mbavu na figo lililochanika. Alizomewa na mashabiki wake mwenyewe alipokuwa akitoka uwanjani usiku ule. Hakuna dalili katika mwongozo huu ambayo ingekusaidia kumchunguza.

Na wazazi wenye vijana wanaocheza nafasi hii sekondari za huko Marekani: haya ya miguu na macho yanaweza kukusaidia kuelewa anachoambiwa na kocha wake, ila usiyafundishe uani kwa kutazama video. Bega au kiwiko kikimuuma kijana anayekua, arushe tena baada ya daktari kumwona, si baada ya barafu. Kuhusu kichwa, majimbo yote 50 yana sheria za mtikisiko wa ubongo kwa wanafunzi, na kwa kawaida zinataka mtoto atolewe uwanjani siku hiyohiyo na asirudi bila idhini ya mtaalamu wa afya. Usimbembeleze kocha kwa sababu Ijumaa kuna mechi kubwa. Akitapika mara kwa mara, akichanganyikiwa, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au ikiwa vigumu kumwamsha, usimpe panadoli ukangoja asubuhi. Piga 911.